Dawa ya Ngogo Haishukuriwi

Nimechomwa na ngogo, rafiki yangu. Katika umri huu, mbele ya watu, sokoni Kibirizi, mahali nilipokulia. Hata haya ya kuona sina tena. Ndugu zangu wa Katubuka walikuwa wamenituma samaki, maana tulikusanyika kwa arobaini ya shangazi, na nilifika mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, uchovu wa basi ukiwa bado umenikaa mgongoni, ule uchovu wa siku hizi ambao ukilala unaamka nao. Nikamwona ngogo kwenye beseni la muuzaji, amejilaza na masharubu yake kama paka aliyeshiba. Nikasema huyu ndiye. Nikamshika kama mtu anayechagua vitunguu, mimi ninayejiita mtoto wa Kibirizi!

Kama humjui, ngogo ni samaki asiye na magamba, mtelezi, na ana miiba mitatu: mmoja mgongoni na miwili mbavuni, huku mmoja na huku mmoja. Akikamatwa huisimamisha yote ikakaza kama misumari. Halafu hulia, kwi kwi kwi, na wazee walikuwa wakisema kilio hicho ni cha kukuhadaa usogeze mkono. Huyu wa sokoni sikumbuki kama alilia. Nadhani naye alikuwa amechoka. Mwiba uliingia chini ya kidole gumba na maumivu yakapanda hadi kwapani.

Muuzaji alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa mwisho. Alinimwagia maji ya chupa, akachana kipande cha kanga kuukuu akanifunga. "Pole mama," akasema, "panda hapo juu duka la dawa wakupe kitu cha kutuliza." Alikuwa na huruma, sitamsema vibaya. Lakini nilibaki nimesimama pale nikimtazama, na yeye akanitazama, kwa sababu nilikuwa nasubiri aniulize swali. Zamani hukuweza kuchomwa na ngogo pwani ile ukanyanyua mguu kabla hujaulizwa: samaki yuko wapi? Binti hakuniuliza, na wala waliokuja kuchungulia hawakuuliza. Hapo ndipo nilipojua kweli kwamba bibi yangu amekufa, ingawa nilimzika mwenyewe miaka mingi iliyopita.

Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya pale niliposimama. Sasa ni maji. Ziwa limepanda miaka hii na limekula nyumba za mstari wa mbele, na vijana wanafunga boti zao mahali ambapo sisi tulikuwa tukianika dagaa. Niliangalia nikitafuta hata kona ya msingi. Nikaona chupa ya plastiki inaelea.

Wazazi wangu walikuwa Tabora, baba akifanya kazi ya reli, na mimi niliachwa kwa bibi nimtekee maji. Ndivyo walivyosema. Bibi alisema niliachwa nimmalizie chakula. Alikuwa akiniita mke mwenzangu, na kila nilipochelewa kuamka alinigonga nyayo na mwiko: "Mke mwenzangu, mume wetu dagaa ameshafika." Kwa kweli dagaa ndiye alikuwa bwana wa nyumba ile. Alfajiri mitumbwi ilirudi na karabai zao zimezimwa, zikinuka mafuta ya taa, na sisi tulimtandaza dagaa mchangani, tukamgeuza jua likipanda, tukamfukuzia kunguru, tukamwanua kabla ya mvua. Vidole vyangu vilinuka dagaa hata shuleni. Mwalimu wetu, ambaye alihamishiwa Kigoma kutoka mbali na hakuwahi kuizoea harufu ile, alikuwa akisahihisha madaftari yangu akiwa ameyanyoosha mbali na pua.

Mchana ndio walikuja waliochomwa. Bibi hakuwa mganga wa kutundika vibuyu, na ukimwita mganga alikasirika. Lakini wavuvi wa ndoana, wale wanaokaa na mshipi karibu na mawe ambako ngogo hujificha, wote walimjua. Walikuja wameshika mkono mmoja kwa mwingine, wanaume wazima, midomo imebadilika rangi, na nyuma yao mtu amebeba samaki mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Aliyechomwa alikuja na aliyemchoma. Bibi alimwangalia samaki kabla ya mtu. Alikagua mwiba, akipitisha ukucha kwenye ncha, na kama ncha ilikuwa nzima alishusha pumzi. Kama imekatika, aliniambia niongeze kuni.

Kila mvuvi alikuwa na dawa yake, na walibishana huku mwenzao anaugulia. Mmoja aliapa kwamba dawa ni ute wa tumbo la samaki yuleyule, upakwe ungali wa moto wa uhai. Mwingine akasema hapana, ni jicho lake, likamuliwe kwenye tundu. Wapo wa tumbaku iliyotafunwa, wapo wa utomvu wa papai. Na wapo wa mkojo, ambao sisi watoto tuliwapenda kuliko wote kwa sababu ya vicheko. Bibi aliwaacha wapake ute, hakutaka ugomvi, lakini mkojo aliukataa. "Mkojo ni dawa ya asiye na kuni," alisema. Yeye dawa yake ilikuwa maji ya moto na chumvi ya mawe kwenye beseni la bati, moto wa kiasi ambacho mtu anaweza kuvumilia akiwa analaani. Dawa ya moto ni moto. Mkono ulikaa humo, maji yakipoa anaongeza, hadi mvuvi mwenyewe aanze kupiga soga, ndipo tulijua sumu imetoka. Kama ncha ilibaki ndani, alisonga ugali wa muhogo mgumu, akaufunga juu ya kidonda kwa jani la mgomba ungali unafuka moshi, uvute. Mwisho kabisa, kidonda kikiwa kimesafika, tone la mawese ya uvuguvugu.

Na ukishatibiwa hukuruhusiwa kusema asante. Ukifungua mdomo tu, alikuziba kwa kiganja chake chenye mawese. Ukishukuru dawa, ugonjwa unasikia na kurudi. Watu walikuwa wakiondoka kimya, na sisi tukawazoea, wanaume wakubwa wanapita mlangoni wameinamisha vichwa bila kuaga. Kesho yake ungekuta samaki mkubwa, sangala, ametundikwa kwenye mti wa uzio, hajulikani katoka kwa nani.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Wewe uliyeisikia redioni huenda unakumbuka habari zake kwa majina ya wakubwa. Mimi naikumbuka kwa vitu ambavyo watu walishuka navyo. Boti ziliingia kutoka kaskazini, nyingine zikikata kutoka ng'ambo chini ya milima ya Kongo, na mtu angeshuka amekumbatia cherehani isiyo na meza, au mlango. Nilimwona mzee mmoja amebeba mlango wake na kufuli likiwa limefungwa. Tulicheka, tulikuwa watoto, na bibi akatupiga wote bila kuchagua.

Mwanzoni wanawake wa Kibirizi walipika uji kwa masufuria makubwa na kila nyumba ilikuwa na wageni. Baadaye tulichoka. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Visima vilichoka, kuni zilikwisha hadi mlimani, bei ya muhogo ikapanda, na watu wazima wakawa wanazungumza kwa sauti ndogo ndogo iliyokatika. Waliofika walipelekwa kambini, mbali na ziwa, na walioonekana wanaishi mitaani walikusanywa kwa malori. Sisi watoto tulijua mlio wa lori lile kabla halijatokeza kwenye kona.

Katika kipindi hicho alikuja mvuvi mmoja kutoka kando ya ziwa upande wa Burundi, yeye na binti yake wa rika langu. Bibi aliwapa kibanda cha kuhifadhia dagaa. Sijui kwa nini hao na si wengine. Labda kwa sababu yule mwanamume, siku ya kwanza, alikaa chini akaanza kugeuza dagaa wetu bila kuombwa, na akawageuza vizuri. Binti yake alilala nami kwenye mkeka mmoja. Kiha changu na Kirundi chake ni mtu na mdogo wake, tulielewana toka siku ile, ila alikuwa akinicheka ninavyotamka. Wiki chache tu, tayari nilikuwa sijui kula bila yeye.

Walikuwa wametoka kwao usiku wa vurugu wakiwa familia nzima, lakini ufukweni watu waligombania boti wakatenganishwa. Mama na mtoto mdogo wa kiume walisukumiwa kwenye boti nyingine. Kabla hazijaachana, mume alimpigia mkewe kelele neno moja juu ya maji: Kibirizi! Yaani atakayetangulia amngojee mwenzake Kibirizi. Ndiyo maana hakutaka kambi. Kila boti iliyotokea kaskazini, hata ingekuwa ya magunia, alikwenda kusimama kwenye maji hadi magotini akiwakagua wanaoshuka mmoja baada ya mwingine. Lori likinguruma, alisukuma mtumbwi wa bibi akaingia ziwani na mshipi, akakaa huko mgongo wake ukitazama nchi kavu. Kwa hiyo tulikula samaki sana siku za lori.

Siku moja ya namna hiyo ndiyo ngogo alimchoma, kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Hakumwambia mtu. Binti yake ndiye aliniambia, tukiwa tunageuza dagaa, bila kuniangalia: "Mukono ya baba inanuka."

Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi. Bibi akamwita, naye akaja ameuficha mkono kwapani kama mtoto aliyeiba sukari. Ulipotolewa, nilirudi nyuma. Kidole kilikuwa kimevimba hadi ngozi ikang'aa, na mahali pa tundu palikuwa pamezibwa na gamba jeusi, gumu, safi kabisa kwa juu.

"Samaki yuko wapi?" bibi akauliza.

"Tulimukula, mama."

Bibi alikitazama tena kidole. "Umemla mganga wako," akasema.

Hakuwa anatania. Mwiba ule ulikwishatupwa pamoja na mifupa, na hakuna aliyejua kama ncha yake ilikuwa nzima au imebaki ndani ya kidole. Ndiyo maana ya sheria ya kuja na samaki, ingawa sisi tulidhani ni mizungu tu. Na lile gamba jeusi alikuwa amelitengeneza mwenyewe. Kwao, alieleza, mtu akichomwa anachemsha mawese hadi yatoe moshi na kudondosha juu ya tundu hapohapo, kuziba mlango. Kule walikuwa wanaziba sumu isienee, huku kwetu tunafungua itoke. Pwani moja, maji mamoja, samaki mmoja, na watu wanafanya kinyume. Pengine kwao, kwa mwiba mzima, ilifaa. Lakini safari hii alikuwa amemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Bibi alimfungua. Maji ya moto, chumvi, ugali wa muhogo, asubuhi na jioni. Mwanamume yule hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa mlangoni, na ikisikika injini ya boti alitaka kunyanyuka na mkono ungali kwenye beseni, bibi akimkalisha kwa kumshika bega. Usaha ulitoka, kisha ncha nayo ikatoka, nyeusi, ndogo kama kucha ya kifaranga, tukashangilia. Kumbe tumeshachelewa. Kidole kilikuwa kinageuka rangi, na mstari mwekundu ulianza kupanda kifundoni kuelekea kiwiko. Bibi aliufuata ule mstari kwa ukucha wake, uleule aliokagulia miiba.

"Hii imenishinda," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote. "Twende hospitali."

"Siendi, mama."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Watanichukua kule kule. Nitapakiwa kwa lori. Mama wa mutoto akifika na mimi siko hapa, ataangalia sura ya nani?"

Bibi alikausha mikono yake kwenye kanga, taratibu. "Ataangalia yangu," akasema. "Kila boti. Mimi au mwanao, hatutakosa. Wewe nenda kanitunzie mkono."

Nimesikia ahadi nyingi maishani, za ndoa, za kazi na za wanasiasa. Sikusikia tena iliyotamkwa kwa uchovu namna ile na ikatimizwa namna ile.

Asubuhi bibi alimvisha kanzu ya marehemu babu na kofia yake, akatufundisha tutakayosema: huyu ni mwanawe wa Mwamgongo, mvuvi, na mimi ni mtoto wa kaka yake, nimwite baba mdogo. Mwamgongo iko huko juu kupita Gombe, karibu na mpaka, na lafudhi yao si mbali na ya Burundi. Binti yake, rafiki yangu, akabaki mwaloni na mama jirani aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha. Sisi tukapanda barabara. Mgonjwa alitembea katikati yetu anatetemeka kwa homa, kanzu imemfika kwenye ugoko maana babu alikuwa mfupi. Tulipofika karibu na mjini lori lilitokea nyuma yetu, na mimi kwa woga nikapayuka, "Baba mdogo! Baba mdogo!" ingawa alikuwa ananishika mkono. Bibi alinifinya paja, na alama yake nilikaa nayo. Lori likapita na vumbi lake.

Hospitalini muuguzi alikuwa mwanamama kutoka mikoa ya pwani, mnene, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, na foleni ikiwa imetoka nje hadi kwenye maua. Bibi akaanza hadithi yake, Mwamgongo, mwanangu, mvuvi, na alivyo mtu asiyejua kusema uongo akaongeza hata jina la mbuzi wa huko. Muuguzi akamkatisha. "Mama, shikamoo. Mimi sijauliza kwao wapi. Nileteeni mkono."

Kidole walikikata. Mkono ukapona. Alilazwa, na kama ilivyo desturi ya kwetu mgonjwa hula cha nyumbani, kwa hiyo kila siku nilipanda na bibi kupeleka ugali na dagaa kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Tulipokuwa sisi huko, rafiki yangu alisimama mwaloni. Tuliporudi, bibi alimpokea zamu hata kabla hajavua viatu. Nilimwona bibi yangu, mwenye magoti mabovu, amesimama kwenye maji akiwatazama usoni wanawake walioshuka, akiwauliza kila mmoja, na wengine wakimtazama kana kwamba amerukwa na akili. Jioni nilimkanda miguu. Hakulalamika, ila alikuwa akisema, "Mke mwenzangu, dunia hii ina watu wengi."

Katika wodi ile, iliyojaa hadi wagonjwa wakachanganywa, kitanda cha jirani kilikuwa na mtoto mdogo aliyeletwa kutoka kambini, ana malaria kali, na mama yake alikuwa akimuuguza. Siku moja tulifika tukamkuta mgonjwa wetu amelala usingizi wa dawa. Nikamtikisa: "Baba mdogo, chakula." Yule mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Baba mudogo wa Mwamgongo," akasema, "analota mu Kirundi kutwa nzima." Kisha kicheko kikamwisha, akauliza, "Jina analoita ni la nani?"

Lilikuwa jina la binti yake, rafiki yangu. Bibi alihofia, akajishughulisha na kitambaa cha bakuli. Lakini yule mama hakuhitaji jibu. Huko kambini, alisema, katika safu ya nyumba zao za turubai, kuna mwanamke mwenye mtoto wa kiume. Kila siku ya chakula anapita kwenye foleni akiwauliza waliotoka ziwani kama wamemwona mvuvi na binti mwenye jina hilo. Boti yake ilishushwa kijiji cha kaskazini, mpakani, na watu wote wakabebwa kutoka pale. Alikuwa ameomba apelekwe Kibirizi. Nani angempeleka? Amekuwa huko tangu mwanzo.

Tangu mwanzo, rafiki yangu. Wakati mume anasimama kwenye maji hadi magotini, mkewe alikuwa kwenye foleni ya unga. Lile lori alilolikimbia hadi akampata ngogo, lori lilelile, lingemshusha karibu na mlango wa mkewe.

Alipoamka bibi ndiye alimwambia. Alisikiliza hadi mwisho. Akatazama mkono wake uliofungwa bandeji, akaugeuza huku na huku, halafu akacheka, kicheko kikavu, kikageuka kulia, na mimi nilikuwa sijawahi kuona mwanamume akilia bila kujifunika uso. Niliumia. Bado naumia nikikumbuka. Mama wa kitanda cha jirani alikuwa akirudia, "Ihangane, ihangane," yaani vumilia, na yeye mwenyewe ana mtoto anayehema kwa shida.

Aliporuhusiwa alikwenda mwenyewe kujiandikisha. Lori lilikuja mwaloni mchana, na kwa mara ya kwanza hatukulikimbia. Bibi aliwafungia dagaa, chumvi ya mawe na chupa ya mawese, akamwambia, "Haya si ya kuzibia." Yule mwanamume akatabasamu. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tumesimama tunashikana vidole. Nilijua anakwenda kwa mama yake na nilipaswa kufurahi, lakini sikufurahi, nilitaka abaki. Alipandishwa juu ya lori. Akageuka kumtazama bibi, macho yamejaa, akafungua mdomo, na nikasikia neno linaanza kutoka. Baba yake akamziba mdomo haraka, kwa mkono uleule usio na kidole.

Bibi alikuwa ameshageuka nyuma, anaelekea kwenye dagaa wake.

Jioni ile nililia hadi bibi akaniacha nilie bila kunigonga na mwiko. Nilimwuliza kwa nini hakutaka aseme hata neno moja, mtu anaondoka hivyo. Alikuwa anachambua chikichi, mikono myekundu. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuwaambia wavuvi. Habari ya ugonjwa kusikia na kurudi, alisema, hiyo ni ya kuwatisha. "Asante inamaliza, mjukuu wangu. Mtu akishakushukuru, mmemalizana, anakwenda zake. Asiyeshukuru bado yuko kwako."

Hatukusikia habari zao tena. Barua hazikuwa na njia. Miaka ikapita, kambi zikafungwa, watu wakarudishwa kwao, na huenda walipita hapahapa Kibirizi wakipanda meli wakati mimi niko shule ya bweni. Sijui. Bibi alipozeeka na kushindwa kazi, bado boti ya kaskazini ikiingia alitoka na fimbo yake kwenda kuangalia wanaoshuka. Shangazi alimwambia wale watu walishakutana zamani, kaa chini. Alijibu kwamba anajua, anaangalia tu. Siku za mwisho akili yake ilipokuwa inakuja na kuondoka, nilipomlisha uji nilimwambia mambo mengi, lakini asante sikumwambia. Nilimlambisha mawese kidogo, aliyapenda.

Basi nilikuwa nimesimama sokoni nikiyakumbuka haya yote, kidole kinapiga kama ngoma, na kiti cha muuza chai kiko wazi kikinikaribisha. Nikakaa. Nikamwomba muuza chai maji yake ya moto kwenye bakuli, nikatia chumvi, nikazamisha mkono. Alishangaa lakini hakukataa. Watu wakipita waliangalia mama mtu mzima amejifunga kanga ya msiba, mkono kwenye bakuli, na nadhani walidhani nanawa.

Kwa kweli hakuna kibaya kilichotokea Kibirizi. Duka la dawa lipo, dawa zao ni nzuri, na sitaki mtoto wa mtu akatwe kidole kwa sababu ya mila. Lakini jicho la ngogo, ute, tumbaku, ubishi wa wale wanaume, beseni la bati, ukucha wa bibi kwenye ncha ya mwiba, vyote vimekwenda na nyumba chini ya maji, na mimi nilikuwa wa mwisho kujua wapi vilikaa. Nimechoka, rafiki yangu. Inachosha kukumbuka peke yako.

Maumivu yaliposhuka nilirudi kwa yule binti muuzaji. Nikamwambia anifungie sangala wa arobaini, na aniongezee na huyo aliyenichoma. Akacheka, akamnyanyua kwa ustadi, kidole juu na kidole chini, mbali na miiba. Nikaupitisha ukucha wangu kwenye ule mwiba wa ubavuni ulionichoma. Ncha ilikuwa nzima. Binti akaniangalia akiwa hajui ninachofanya, akafunga mfuko, akanikabidhi, kisha akalikaza vizuri lile fundo la kanga mkononi mwangu bila kuombwa.

"Asante, mwanangu," nikasema, na nilipokwisha kusema nikangoja kiganja.

"Karibu tena, mama," akajibu, akamgeukia mteja mwingine. Tukawa tumemalizana.